Kabla hatujamlaumu mzazi wa bweni

Machi 2023 Kamishna wa Elimu wa Tanzania alitoa waraka uliositisha huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Shule inayotaka kuendelea kuwalaza iombe kibali. Sababu ilikuwa malezi: mtoto wa umri huo akae na wazazi, awazoee ndugu zake, ajue kwao. Wengi walishangilia. Tangu hapo mzazi aliyepeleka mtoto wa darasa la pili bweni amekuwa wa kusemwa, eti kakwepa kulea, kawaachia walimu.

Hoja ya waraka ina uzito. Mtoto wa miaka 7 akiamka usiku amelowa, matroni mwenye bweni zima mikononi hawezi kumbembeleza kama mamaye. Na mabweni mengine ni ya kuogopwa. Septemba 2020 moto uliua wanafunzi wasiopungua 10 bwenini Kyerwa, Kagera. Septemba 2024 huko Nyeri, Kenya, wavulana 21. Wapo pia wanaopeleka watoto kwa fahari tu, wasikike mtaani wanasomesha bweni. Hao siwatetei.

Ila mchukue muuguzi anayepanga Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, na kufanya kazi katikati ya jiji, mama anayelea peke yake. Mwanawe alianza shule ya serikali ya mtaani, ambako darasa la kwanza na la pili hutoka mapema kuliko wakubwa wao. Akamhamishia shule ya mbali yenye gari. Gari hupita saa 11 alfajiri, kwa hiyo mtoto hulazwa na soksi miguuni, asubuhi iwe ni kumvika shati na kumbeba. Husinzia tena kwenye kiti, begi kifuani. Hurudi saa 12 jioni, au usiku kabisa foleni ikishika, na hapo hata chakula kinamshinda. Huyu ndiye mwanafunzi wa kutwa, anayehesabiwa kuwa analelewa nyumbani. Mama akiwa zamu ya usiku hawaonani kabisa, anabaki kumwandikia dada wa kazi: "Amekula?" Na huyo dada mara nyingi ni binti wa miaka 16, ambaye kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 naye bado ni mtoto.

Kuna utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa 2009 na kutolewa 2011, ambao siachi kuurudia mjadala huu ukizuka. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Wavulana, takriban 1 kati ya 7. Watu huzinukuu namba hizo wakaishia hapo. Mimi hunikaba pale wasichana walipoulizwa yalitokea wapi: nyumbani kwa mtu ndipo palipotajwa zaidi, kuliko njiani, kuliko shuleni. Utafiti huo haukulinganisha bweni na nyumba, na asiutumie mtu kulisifia bweni. Lakini waraka unakwenda kana kwamba mtoto akiwa nyumbani basi yuko na mzazi, na yuko salama. Muuguzi wetu anaikumbuka nyumba yake saa 8 mchana, enzi za shule ya mtaani: mlango wa uani wazi, wapangaji wanapishana, dada kaenda gengeni, mtoto yuko peke yake na televisheni. Hofu hiyo ndiyo iliyomfanya hatimaye ampeleke bweni, akanunua tranka na godoro, akaandika jina la mwanawe kwenye ndoo, kwenye shuka, kwenye kila soksi, na kulipa ada inayomla mshahara. Mtu aliyechoka kulea hafanyi hivyo.

Angempeleka kwa bibi yake Muheza, nani angemsema? Huko nako mtoto angekuwa mbali na mamaye mwaka mzima, na hakuna kibali kinachotakiwa. Tungeita desturi.

Kinachonikera zaidi ni kwamba dola inayomkumbusha mzazi wajibu wake ndiyo hiyohiyo ambayo, katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ilimpa baba likizo ya siku 3 mtoto anapozaliwa. Tatu! Mama siku 84, au 100 akijifungua mapacha. Baada ya hapo, zamu ni zamu, na mwajiri hana haja ya kujua gari la shule linapita saa ngapi.

Kwa hiyo waraka ubaki, sawa. Sidhani mtoto wa miaka 6 ananufaika na bweni. Lakini amri inayofunga mlango mmoja ilipaswa kufungua mwingine. Vituo vya kulelea watoto mchana vimelenga wasiofikia umri wa shule, na wa darasa la kwanza akishatoka darasani hana pa kushikiziwa. Shule za msingi za serikali zina vyumba na viwanja ambavyo wakubwa wakiondoka hukaa vitupu. Vibaki wazi hadi saa 12 jioni, pawe na uji na mwangalizi anayelipwa, kwanza katika kata zenye wapangaji wengi kama Chanika na Mbagala. Halafu atakayebaki kumpeleka wa darasa la pili bweni tuulizane naye.