Shahidi Asiyetaja Aliyemwambia

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye ni mvuvi wa dagaa pale Kibirizi, Kigoma, ameuza taa zake na betri zake ili atoe mchango kwa mtu anayedai kuwa anazungumza kwa siri na viumbe waliotoka nje ya dunia hii. Mtu huyo huwakusanya vijana barazani Ujiji baada ya swala ya Isha, akawaonyesha kwenye simu video ya mstari wa taa nyeupe uliopita juu ya ziwa, kisha akawaambia kwamba mengine aliyoelezwa hana ruhusa ya kuyatoa. Nilipomuuliza mdogo wangu kwa nini anamwamini, alinijibu: “Kaka, yule mzee haongopi. Nilimtazama usoni anaposimulia, machozi yalikuwa yanamtoka.”

Zile taa ni setilaiti za intaneti za Starlink, ambazo siku za mwanzo baada ya kurushwa husafiri zikifuatana na kumulikwa na jua wakati huku chini kumeshaingia giza. Hilo halihitaji mjadala mrefu. Lililonikera ni hayo machozi kugeuzwa kuwa ushahidi.

Mtu anaweza kulia kwa dhati kabisa na bado jambo analolilia lisiwe limetokea. Betty na Barney Hill, mke na mume wa Marekani waliosema kwamba walichukuliwa na viumbe wa ajabu usiku mmoja wa Septemba 1961 huko New Hampshire, hawakuwa matapeli, na Barney alipiga mayowe ya hofu alipokuwa akisimulia mwaka 1964 katika usingizi wa kitabibu (hypnosis), ambao daktari humtia mgonjwa ili akumbuke na kueleza yaliyompata. Hata hivyo Benjamin Simon, daktari wa akili aliyewatibu, aliamini hofu yao lakini hakuamini kwamba walitekwa. Aliona kisa hicho kimetokana na ndoto ambazo Betty aliziota baada ya safari ile na mumewe akazisikia zikisimuliwa. Yeyote aliyewahi kukabwa na jinamizi, akawa macho wazi kitandani hawezi kuinua hata kidole huku akihisi kuna mtu amesimama pembeni, anajua jinsi jambo ambalo halipo linavyoweza kutisha kama lililopo. Kwa hiyo nikiambiwa kwamba msimulizi ni mkweli, nitakubali, lakini kukubali huko hakunifikishi popote.

Sisi tuliosomea chuoni, yaani madrasa, huko Ujiji tulifundishwa mapema kwamba habari haipimwi kwa uzuri wake wala kwa unyenyekevu wa anayeileta, bali kwa mapokezi yake: nani kaipokea kwa nani, je, walikutana, kumbukumbu yake ilikuwaje, na mwenendo wake ulijulikanaje. Mpokezi akisema “ameniambia mtu mwaminifu” bila ya kumtaja, wanazuoni wengi wa hadithi za Mtume hawakuipokea habari yake hata kama yeye mwenyewe alikuwa mcha Mungu, kwa sababu yule anayemwona mwaminifu huenda mwingine anazijua kasoro zake. Inaniuma kwamba watu waliolelewa katika elimu kali namna hii wanaiweka kando mara tu habari inapohusu mbingu, kana kwamba jambo likiwa kubwa ndipo linapohitaji uthibitisho mdogo.

Ukitumia kipimo hicho kumpima shahidi mashuhuri kuliko wote wa miaka hii, utaona kinavyofanya kazi. Tarehe 26 Julai 2023, David Grusch, aliyekuwa ofisa wa ujasusi katika Jeshi la Anga la Marekani, aliapa mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi na kudai kwamba serikali yake imeficha kwa miongo mingi mpango wa kukusanya vyombo visivyotengenezwa na binadamu. Hakusema kwamba ameviona kwa macho yake. Alisema kwamba kwa miaka 4 aliwahoji zaidi ya mashahidi 40, na kwamba undani wa mambo hayo angeweza kuutoa faraghani tu. Arobaini ni wengi, na ndiyo hoja ambayo watetezi wake huirudia kila siku. Lakini wingi wa njia za mapokezi una maana pale tu njia hizo zinapokuwa mbalimbali. Machi 2024 ofisi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani inayochunguza mambo hayo ilitoa ripoti iliyosema haikupata ushahidi wa kuwapo mpango huo, na kwamba madai mengi yalitokana na kundi dogo la watu waliokuwa wakipokezana habari ile ile. Najua kwamba hapo mtuhumiwa ndiye aliyejichunguza, na hilo silipendi. Lakini sanadi ya Grusch, yaani mlolongo wa waliompokeza habari, haipati nguvu kwa sababu tu wanaoikanusha nao wana udhaifu.

Siri ndiyo ngao ya madai haya, na ngao hiyo ilianza kuhitajika baada ya waliosema waziwazi kuumbuka. George Adamski alidai kwamba mwaka 1952 alikutana katika jangwa la California na mtu wa sayari ya Zuhura, mwenye nywele ndefu na sura kama yetu. Dai hilo liliweza kukaguliwa, na likakaguliwa: chombo cha Kisovieti Venera 7 kilipotua huko mwaka 1970 kilikuta joto linalozidi digrii 450. Linganisha na Jocelyn Bell, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ambaye mwaka 1967 alinasa mapigo ya redio yaliyorudi kila baada ya sekunde 1.33. Yeye na wenzake walifikiria uwezekano wa viumbe wengine, wakaendelea kuchunguza hadi akapata chanzo cha pili katika sehemu nyingine ya mbingu, na Februari 1968 wakachapisha vipimo vyao ili yeyote mwenye darubini ya redio ageuzie huko ajionee. Zilikuwa nyota.

Nakiri kwamba serikali huficha mambo. Mabaki yaliyookotwa karibu na Roswell mwaka 1947 yaliitwa puto la hali ya hewa, na ilipofika 1994 ndipo Jeshi la Anga la Marekani lilipoeleza kwamba yalihusiana na mradi wa siri wa maputo ya kusikiliza majaribio ya nyuklia ya Wasovieti. Uongo ulikuwapo, basi, lakini kilichofichwa kilikuwa puto.

Grusch angalau aliapa hadharani, kwa jina lake, mahali ambapo kusema uongo ni kosa la jinai. Siku mmoja kati ya hao zaidi ya 40 atakapojitokeza, akajitaja, akaeleza aliona nini, wapi na akiwa na nani, nitalisikiliza jambo hili upya kwa moyo mweupe. Yule wa barazani hajaapa, hajataja tarehe, hajataja aliyekuwa naye, na tayari ameshapokea pesa.