Kabla ya Kuiamini Ramani, Uliza Mipaka Yake Ilichorwa kwa Kazi Gani

Nikionyeshwa ramani iliyopakwa rangi, wilaya hii nyekundu kwa umaskini na ile kijani kwa nafuu, swali langu la kwanza huwa moja: mipaka hii ilichorwa kwa kazi gani? Mara nyingi ilichorwa kwa ajili ya utawala, kodi au uchaguzi. Haikuchorwa ili ipime umaskini, elimu wala maradhi. Lakini tukishaijaza rangi tunaanza kuzungumza kana kwamba shida za watu nazo hufika mpakani zikasimama.

Kisa ninachokirudia kila mara ni cha W. S. Robinson, mwanasosiolojia wa Marekani. Mwaka 1950 alichukua takwimu za sensa ya Marekani ya 1930 akatazama mambo mawili: nani amezaliwa nje ya nchi, na nani hajui kusoma na kuandika. Alipolinganisha majimbo yote 48 ya wakati ule, alikuta kwamba majimbo yenye wahamiaji wengi ndiyo yaliyoelekea kuwa na wachache wasiojua kusoma. Kipimo cha uhusiano, ambacho huanzia -1 (jambo moja likipanda lingine hushuka) hadi 1 (yote mawili hupanda pamoja), kilikuwa kama -0.53. Mwenye haraka angetangaza kwamba wahamiaji wamesoma kuwashinda wenyeji. Robinson akashuka hadi kwa mtu mmoja mmoja, na alama ikageuka kutoka hasi kuwa chanya: 0.12. Kumbe wahamiaji ndio waliokuwa nyuma kidogo. Hesabu zote mbili zilikuwa sahihi. Wahamiaji walikuwa wamehamia zaidi kwenye majimbo ambako wenyeji walijua kusoma, hivyo takwimu za jimbo zilikuwa zikieleza habari za majirani zao.

Miaka zaidi ya 70 imepita na kosa hilohilo bado linafanywa mchana kweupe. Mtu anasoma kwamba maeneo yenye vijana wengi yana uhalifu mwingi, anahitimisha kwamba wahalifu ni vijana. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Takwimu ya eneo peke yake haiwezi kumwambia.

Halafu kuna suala la mipaka yenyewe. Mwaka 1979 wanajiografia Stan Openshaw na Peter Taylor walichukua kaunti 99 za jimbo la Iowa, Marekani, wakaangalia uhusiano kati ya wingi wa wazee na kura za chama cha Republican. Wakaziunganisha kaunti hizo kuwa kanda kubwa zaidi, kwa namna nyingi tofauti. Wazee walikuwa walewale, kura zilezile. Lakini kwa mgawanyo mmoja uhusiano ulitoka hasi kabisa, na kwa mwingine ukatoka chanya kabisa. Hili hunikosesha raha kuliko jambo lolote katika fani hii ya takwimu za maeneo, kwa sababu maana yake ni kwamba anayechagua mipaka anaweza kuchagua na jibu, hata bila kukusudia.

Idadi ndogo nayo ina mtego wake. Kaunti za Marekani zenye viwango vya chini kabisa vya vifo vya saratani ya figo nyingi ni za mashambani, zenye watu wachache. Mtu ataanza kusifu hewa safi. Lakini zile zenye viwango vya juu kabisa nazo nyingi ni za aina hiyohiyo! Mahali penye watu 500, kifo kimoja tu kinafanya kiwango kiwe 200 kwa kila watu 100,000, na kisipotokea kiwango ni sifuri. Hapo tunapima bahati.

Umri nao usisahaulike: Florida, yenye wastaafu wengi, lazima ionekane na vifo vingi kuliko Alaska hadi umri usawazishwe kwenye hesabu.

Sisemi tuache kupima. Nashikilia sana kwamba tupime, tena kwa maeneo madogo kadiri inavyowezekana, kwa sababu wastani wa wilaya tajiri unaweza kuufunika kabisa mtaa wake maskini, na fedha za zahanati hufuata wastani. Mbinu zipo. Tangu kazi ya wanatakwimu Fay na Herriot mwaka 1979, wanatakwimu wanajua namna ya kukadiria hali ya eneo dogo kwa kuchanganya data zake chache na mwenendo wa maeneo yanayofanana nalo. Tatizo ni kwamba makadirio hayo yakifika kwenye ramani, shaka yote iliyomo hufutwa na rangi.

Ninachodai ni kidogo. Kila ramani ya namna hii iandikwe idadi ya watu wa kila eneo, ichorwe kwa angalau migawanyo miwili ya mipaka, na zote mbili zichapishwe pamoja hata zikipingana. Na pale data ni chache mno, eneo liachwe jeupe.