Sehemu ya kusema imekufa?

Ami yangu wa Langoni, hapa Lamu, alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, maneno yakamkauka. Kila akiulizwa hujibu "ndiyo, ndiyo", hata anapotaka kukataa. Daktari alituambia sehemu ya kusema kwenye ubongo imekufa. Nyumbani tukaelewa kuwa hasemi tena, basi. Watu wakaacha kumsemesha.

Kauli ile ina asili yake. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca aliuchunguza ubongo wa marehemu Leborgne, aliyekaa hospitali ya Bicêtre, Ufaransa, miaka 21 akitamka karibu "tan" tu, akakuta umeharibika mbele, upande wa kushoto. Mwaka 1874 daktari Mjerumani Carl Wernicke akaonyesha kuwa pakiharibika nyuma zaidi, upande uleule, mtu husema kwa wepesi lakini maneno hayashikani. Kwa elimu hiyo daktari huona mkono wa kulia umelegea na usemi umepotea, akajua atafute kushoto mwa ubongo, maana ndiko kunakoendesha mkono wa kulia. Hilo silipingi.

Lakini miaka hiyohiyo daktari John Hughlings Jackson wa Uingereza alionya kuwa kujua palipoharibika hadi usemi ukapotea si kujua usemi unakaa wapi. Henza, kamba ya kupandishia tanga, ikikatika tanga huanguka, wala hakuna nahodha anayesema upepo ulikuwa ndani ya henza. Jackson aliona pia kuwa mgonjwa asiyeweza kutamka neno kwa kukusudia, akighadhibika, tusi humtoka zima.

Kwa ami haikuwa tusi. Jioni moja vijana walipita na matari wakisoma kasida. Yeye yuko barazani, mkono wa kushoto ukaanza kupiga paja, akaupokea ubeti akaumaliza, neno kwa neno. Nikamwonyesha gilasi, hiki nini? "Ndiyo, ndiyo." Machozi yakamlenga. Sasa maneno ya ule ubeti yalitoka wapi, ikiwa sehemu imekufa?

Aleksandr Luria, mtaalamu wa ubongo aliyewatibu askari wa Kisovieti waliojeruhiwa kichwani katika Vita vya Pili vya Dunia, alishikilia kuwa kusema ni kazi ya sehemu nyingi zinazoshirikiana. Njia moja ikiziba, nyingine yaweza kuzoeshwa. Tangu miaka ya 1970 wako wataalamu wanaofundisha wagonjwa maneno kwa kuyaimba. Haiponyi kila mtu, na husaidia zaidi maneno yaliyorudiwarudiwa kuliko mazungumzo huru. Lakini kwa mtu asiyeweza kuomba maji, neno moja lililozoeshwa si dogo.

Siku hizi binti yake humkalia mkabala kila baada ya alasiri, wakapiga paja pamoja: "ni-pe ma-ji", kwa mahadhi ya ile kasida. "Nipe" ameshaipata.