Benki ya maswali au jalala?

Jamani, nani kafuta tena mwongozo wa kusahihisha? Tulikubaliana walimu wa somo tutunge maswali pamoja kwenye faili moja la mtandaoni, kila mtu aongeze yake, wote tuchote. Wazo zuri sana. Sasa fungua uone: "Jaribio la mwisho", "Jaribio la mwisho kabisa", "Jaribio la mwisho HILI NDILO". Lipi ni lipi, Mungu anajua.

Na maswali yenyewe! Mtu anaweka swali la kuchagua lenye majibu manne, matatu ya kipuuzi, na lile sahihi refu kama mkia wa kima. Majibu manne yakitungwa vizuri, anayebahatisha ana asilimia 25 tu ya kupata. Haya yetu hata aliyelala darasani anapata. Jibu lisilo sahihi litokane na kosa ambalo wanafunzi hulifanya kweli, kama yule anayejumlisha 1/2 na 1/3 akapata 2/5. Ukiona nusu ya darasa imechagua 2/5, unajua cha kurudia kesho. Kuweka "ndizi" hapo kunanisaidia nini?

Halafu kuna wachotaji. Hawajaweka hata swali moja tangu tuanze (nawajua, historia ya faili inaonyesha), lakini ndio wa kwanza kulalamika kwamba swali la saba lina kosa la tahajia. Rekebisha basi! Ruhusa ya kuhariri unayo, mwenzangu.

Jana mmoja kaitumia. Kafuta safu nzima ya majibu.