Kirafi, wamazi na ukatili unaopendeza

Mwezi uliopita tulikaa watano katika chumba cha kupanga hapa Kirumba, kompyuta ikiwa juu ya ndoo iliyofunikwa, tukatazama A Clockwork Orange, filamu ambayo Stanley Kubrick aliitoa mwaka 1971 kutokana na riwaya ya Anthony Burgess ya mwaka 1962. Mwenzetu mmoja, aliyekulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea filamu, vya Mwaloni ambako mtafsiri huzungumza juu ya sauti za waigizaji, alilalamika tangu mwanzo kwamba hana wa kumtafsiria. Lalamiko hilo lilinirudisha kwenye swali ambalo filamu hii imelizua miaka yote: je, lugha na madoido yake vinaufichua ukatili, au vinaupamba?

Alex, kijana kiongozi wa genge la wakatili anayejisimulia, huzungumza Nadsat, misimu ambayo Burgess aliibuni hasa kwa maneno ya Kirusi yaliyovikwa matamshi ya Kiingereza. Rafiki ni droog, maziwa ni moloko. Hakuna anayefafanua, hata hivyo, baada ya nusu saa, sisi tusiojua Kirusi tulikuwa tunamfuata vizuri, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa kuwa anayejifunza misimu ya genge huwa ameshaanza kuingia gengeni. Mtafsiri wa kibanda angesema "washikaji wanakunywa maziwa", nasi tungebaki nje, salama. Labda angefaulu kwa kinyume, ule mchezo wa watoto wa pwani wa kupeleka silabi ya mwisho mwanzoni: rafiki akawa kirafi, maziwa yakawa wamazi.

Wanaoipinga wana hoja nzito. Katika kitabu, maneno mageni husimama kati ya msomaji na kipigo. Kamera haina neno geni la kuusitiri mwili. Kubrick alitafuta pazia jingine, muziki na miondoko. Genge linapovamia nyumba ya mwandishi, Alex anaimba "Singin' in the Rain" na mateke yanafuata mapigo ya wimbo, kisha anaikata nguo ya mke kwa mkasi. Niligundua mguu wangu unagonga sakafu, nikaona haya. Watetezi husema haya hiyo ndiyo kusudi la filamu. Nakubali, lakini si yote, kwani mke yule hapati nafasi ya kusimulia chochote, ilhali Alex anapewa muziki wa Beethoven na masikio yetu mpaka mwisho.

Utetezi wenye nguvu zaidi uko katika sehemu ya tiba, Alex akiwa ameshafungwa na serikali ikitaka kumtoa ukatili. Inambana kope zisifumbe, inamwonyesha picha za ukatili huku dawa ikimtia kichefuchefu, hadi anashindwa kupiga mtu na pia kuvumilia Simfoni ya Tisa ya Beethoven aliyoipenda. Sisi tuliostarehe kwa kutazama sasa tunamtazama mtu anayelazimishwa kutazama. Hapo madoido hayapambi tena, yanatushitaki. Kubrick aliifuata chapa ya Marekani ya riwaya, isiyo na sura ya 21 ambamo Alex anakua na kuuchoka ukatili, kwa hiyo hatuachiwi faraja hiyo. Naona alifanya vema. Lakini ni yeye huyo aliyeiondoa filamu kwenye kumbi za Uingereza, ikarudi mwaka 2000 akiwa ameshafariki.

Jumapili iliyofuata mwenzetu wa Mwaloni aliomba tuirudie, safari hii mtafsiri akiwa yeye. Alitafsiri kwa mbwembwe zote za kibandani mpaka mlango wa mwandishi ulipofunguliwa, akanyamaza.