Urekebishaji wa mtoto uanze siku anayokamatwa

Tukizungumzia kuwarekebisha watoto waliokinzana na sheria, karibu kila mara tunaanzia kwenye hukumu: apelekwe shule ya maadilisho au aachiwe chini ya uangalizi? Kwangu hapo tumeshachelewa. Mengi huharibika kabla ya hukumu, akiwa mahabusu, na kipindi hicho hatukizungumzii vya kutosha.

Mchukue kijana wa miaka 14 aliyeiba simu. Anasimamishwa kizimbani dakika chache, inaelezwa kwamba upelelezi haujakamilika, anarudishwa mahabusu. Kesi ikitajwa tena, taarifa ya afisa ustawi wa jamii haijafika. Mara nyingine shahidi hakutokea. Kwa kuwa hajahukumiwa, pengine hapangiwi ushauri nasaha wala ufundi wowote. Wenzake darasani wamefanya mtihani na kuvuka. Yeye walimu wake ni waliomtangulia humo ndani. Hukumu ije nyepesi namna gani, adhabu ameshaitumikia.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 37, unataka mtoto afungiwe pale tu njia nyingine zimeshindikana, tena kwa muda mfupi iwezekanavyo. Mwaka 2019 kamati inayousimamia ilitaja vipimo: aliyekamatwa afikishwe mbele ya mamlaka husika ndani ya saa 24, na akishikiliwa, uamuzi wa mwisho utoke ndani ya miezi sita. Hata hiyo sita, kwa umri huo, naiona mingi mno.

Njia ninayoipenda ni ya New Zealand. Tangu sheria yao ya 1989, kijana, familia yake, polisi na aliyekosewa wanaweza kuketi pamoja wakakubaliana atakavyofidia na atakavyosimamiwa. Mkutano huo ukifanyika mapema, kijana anamsikia aliyemwibia akieleza alichopoteza wakati kosa lenyewe bado analikumbuka vizuri. Mwaka ukishapita, anachokumbuka ni mahabusu tu, na anajiona yeye ndiye aliyeonewa.

Wapo wasioweza kurudi nyumbani kesho yake, aliyeua au kubaka kwa mfano. Nakubali. Lakini hao ndio wanaohitaji zaidi mwanasaikolojia na mwalimu tangu wiki ya kwanza, wakiwa wametengwa na watu wazima.

Ombi langu kwa mahakama za watoto ni dogo: kila kesi inapoahirishwa, hakimu aandike kwenye jalada nani amechelewesha, na mtoto atakuwa anafanya nini hadi tarehe ijayo.