Ruzuku kwa Vijana wa Kaskazini: Mwaka wa Nne Dhidi ya Mwaka wa Tisa

Miradi mingi ya maendeleo jumuishi ya kiuchumi inayoendeshwa kwa ruzuku hufanyiwa tathmini ya mwisho wakati ofisi zinafungwa na magari yanarudishwa, yaani wakati ambapo cherehani zilizogawiwa hazijapata hata kutu. Uganda ina mfano mmoja uliopimwa kwa subira kubwa zaidi, nao ni mpango wa fursa kwa vijana uliokuwa ndani ya NUSAF, mfuko wa kaskazini uliofadhiliwa na Benki ya Dunia.

Vijana waliunda vikundi na kuandika maandiko ya miradi. Kwa kuwa maombi yalizidi fedha zilizokuwapo, vikundi 265 kati ya 535 vilivyokidhi vigezo vilichaguliwa kwa bahati nasibu. Mwaka 2008 fedha ziliingia katika akaunti zao, wastani wa dola 382 kwa kila mwanachama, na baada ya hapo hakuna afisa aliyefuata risiti. Wale waliodhani kwamba fedha zisizosimamiwa zitaishia kwenye pombe hawakupata walichotarajia: sehemu ililipia mafunzo ya ushonaji, useremala, uchomeleaji na ususi, na sehemu kubwa zaidi ikanunua vifaa.

Watafiti Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez waliporudi baada ya miaka minne, mapato ya waliopata ruzuku yalikuwa yamewapita waliokosa kwa asilimia 38, na mali za biashara kwa asilimia 57. Baada ya miaka tisa, tofauti ya mapato ilikuwa imekaribia kufutika, ingawa waliopewa bado walikuwa na mali zaidi na wengi wao walishikilia kazi za ufundi.

Anayepinga ruzuku atasema kwamba fedha zilinunua muda tu, kwani waliokosa nao walifika, na hoja hiyo haipuuziki hata kidogo kwa serikali inayolazimika kuchagua kati ya ruzuku na barabara. Anayetetea atajibu kwamba miaka ya kipato kikubwa zaidi haifutwi na mwaka wa tisa, kwa maana ada ya shule iliyolipwa wakati huo imeshalipwa. Naelemea upande wa pili, lakini kwa sharti moja: aliyeahidi kwamba ruzuku moja itabadilisha maisha ya mtu daima aliahidi kisichowezekana, na tathmini ya mwaka wa nne peke yake ingemwachia aendelee kuahidi.

Swali la ujumuishi ni gumu zaidi. Mpango uliotaka andiko la mradi uliwavuta vijana wenye elimu ya kiasi na wenye mtu wa kuwasaidia kuandika, hivyo maskini wa mwisho kabisa hawakuwa hata katika orodha ya bahati nasibu hiyo. Wakati huohuo, takwimu za mwaka wa nne zilionyesha kwamba bila ruzuku kazi na mapato ya wanawake yalidumaa, ilhali kwa waliopata yalipanda. Wastani wa jumla ungelificha jambo hilo, nami naliona kuwa lenye uzito kuliko ile asilimia 38 inayonukuliwa kila mahali.

Ndiyo maana takwimu za PDM, mpango wa serikali ya Uganda wa kugawa fedha kupitia parishi (eneo la utawala lenye vijiji kadhaa) uliozinduliwa mwaka 2022, hazinitoshelezi. Mgawo wake ni asilimia 30 kwa wanawake, 30 kwa vijana, 10 kwa wenye ulemavu, 10 kwa wazee na 20 kwa wanaume, na ni rahisi kwa wilaya kuripoti kwamba umetimizwa. Ripoti hiyo inaeleza jina la nani liliandikwa. Haielezi nani aliamua kama shilingi milioni moja ya kaya itanunua nguruwe au italipa deni la mume.

Wapo wanaosema kwamba tathmini ya kulinganisha ni anasa ya vyuo vikuu, na kwamba kumhoji mara kwa mara mtu aliyenyimwa ni kumkera. Kero hiyo ni ya kweli, ila gharama inatiwa chumvi. Parishi inayopokea shilingi milioni 100 kwa mwaka huhudumia takriban kaya 100, na zinazosubiri awamu ijayo zinaweza kuwa kundi la kulinganisha lisilohitaji kuundwa upya, mradi chifu wa parishi na viongozi wa SACCO (chama cha akiba na mikopo) wasiipange foleni hiyo kwa kufahamiana.